Mama Vyumba na Kadi za Rangi ya Chungwa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Vyumba ni kwamba alikuwa akibisha hodi kwenye vyumba visivyo na mtu. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi, siku yangu ya kwanza ya mafunzo kazini katika ofisi ya ratiba ya chuo, nikamkuta kwenye ukumbi wa chini akiwa na funguo tele kiunoni na daftari kwapani. Anafika mlangoni, anagonga mara mbili, anasema "Hodi," anasubiri kidogo, ndipo anafungua. Ndani hakuna mtu. Viti, ubao, vumbi la chaki. Anatazama dari, anajaribu swichi ya taa, anaandika neno moja daftarini, anafunga, anakwenda mlango wa pili. "Hodi."

"Shikamoo mama. Unambishia nani?"

"Marahaba. Mwaka mmoja nilifungua bila hodi, nikamkuta mhadhiri wa hesabu amelala juu ya meza tatu, viatu amevipanga vizuri chini kama yuko kwake. Aibu niliyoipata mimi, yeye hakuipata hata robo. Tangu siku hiyo, mimi ni hodi hata kwa kabati."

Alikuwa na miaka ishirini na sita chuoni pale. Alianza na fagio. Mpanga ratiba wa zamani alikuwa bwana mmoja msomi sana, ambaye kila muhula alikuwa akiyakutanisha madarasa mawili katika chumba kimoja, na kila mara aliyetegua kitendawili hicho alikuwa mfagiaji, kwa sababu yeye ndiye aliyejua chumba gani kimelala wazi. Baada ya muhula wa tatu wa vurugu, yule bwana alihamishiwa idara nyingine na fagio likapewa mtu mwingine. Mama Vyumba akakabidhiwa ofisi ndogo ghorofa ya kwanza, yenye dirisha moja na kompyuta moja. Kompyuta ipo mpaka leo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi ambaye bado hajatolewa nje. Kazi yenyewe inafanyika kwenye ubao mkubwa wa mbao ukutani, wenye misumari mistari kwa mistari, na kwenye kila msumari inaning'inia kadi. Kijani ni mwaka wa kwanza, buluu wa pili, nyekundu wa tatu. Vyumba thelathini na kimoja, siku tano, na mwanamke mmoja anayejua dari ya chumba gani inavuja na chumba gani kinarudisha mwangwi.

Mume wake ni kinyozi, ana kibanda ng'ambo ya lango la chuo. "Wenzangu wameoa wake," huwaambia wateja, "mimi nimeoa ratiba. Nyumbani kwetu hata kochi lina zamu."

Mwanzoni mwa muhula ule, Msajili wa chuo alishusha waraka. Msajili ni mtu wa tai na wa sentensi zinazoanza na "kwa mujibu wa kanuni". Waraka ulisema kwamba kuanzia sasa kila idara izingatie mahitaji ya wanafunzi wenye ulemavu. Ulikuwa na kurasa sita, na katika kurasa zote sita hapakuwa na mstari hata mmoja uliosema namna ya kuzingatia. Mama Vyumba aliusoma mara mbili, akaugeuza nyuma kutazama kama kuna maelezo yaliyojificha, kisha akafanya analolijua: akakata kadi za rangi mpya. Rangi ya chungwa. Kila darasa lenye mwanafunzi mwenye ulemavu likapata kadi ya rangi ya chungwa, na kadi zote za rangi ya chungwa, saa baada ya saa, zikaning'inizwa mstari mmoja: Chumba Namba Tatu.

"Kiko chini," akanieleza huku akijipangusa mikono, "mlangoni kina mteremko, choo kiko jirani. Nimemaliza."

Jumatatu, saa saba mchana, sauti ilipanda kutoka chini ya ngazi.

"Mama Vyumba! Shuka, kuna kesi!"

"Kesi ya nani?" akajibu bila kuinua macho. "Panda uje uniambie."

"Nipande na mabawa?"

Mama Vyumba akainua macho. Miaka yote aliyokaa katika ofisi ile akigawa vyumba vya watu wengine, hakuwahi kujiuliza nani anaweza kukifikia cha kwake. Akashuka mbiombio, nami nyuma yake.

Chini ya ngazi walikuwa watatu. Aliyeita alikuwa Dereva, kijana wa kiti cha magurudumu anayesomea usanifu wa majengo, na ambaye hupenda kusema kwamba anausomea kwa kisasi. Pembeni yake alisimama Redio, asiyeona, mwanafunzi wa sheria, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kuzimwa. Wa tatu alikuwa Kioo, binti kiziwi wa kozi ya maabara, ambaye huweza kuiga mwendo na sura ya mtu yeyote mpaka mwenyewe aone haya. Alikuja na mkalimani wake wa lugha ya alama, mama mwembamba avaaye nguo nyeusi kila siku ili vidole vyake vionekane.

"Mama, mteremko ni mzuri, Mungu akubariki," alianza Dereva. "Lakini madawati ya Namba Tatu yamefungwa sakafuni kwa bolti. Nimekaa katikati ya njia kipindi kizima kama mzigo uliosahaulika stendi. Kila anayekwenda chooni ananiruka. Nimerukwa mara tisa."

"Afadhali wewe umerukwa," Redio akadakia. "Mimi sijasikia kitu. Ukuta wa pili si ni karakana ya uchomeleaji? Mhadhiri anafundisha mikataba, mimi nasikia tang, tang, sharti la pili la mkataba halali ni tang. Nimeandika tang kwa nukta nundu kurasa nne."

"Lakini mwanangu, mimi nimekutoa ghorofa ya tatu! Zile ngazi zote..."

"Ngazi zimekukosea nini, mama? Ziko hamsini na nne, nazijua moja moja, ya kumi na tisa ina ufa. Macho ndiyo hayaoni. Miguu ilikuja kwako kulalamika?"

Dereva alicheka mpaka kiti kikasogea. Kioo akaanza kusema kwa mikono, haraka, uso wote ukishiriki.

"Anasema yeye chumba kimempendeza," mkalimani akatafsiri, na uso wa Mama Vyumba ukapata nuru. "Anasema kelele za karakana hajazisikia hata kidogo." Nuru ikayumba. "Ila mimi mwenyewe, mkalimani, nilisimamishwa mbele ya dirisha na jua likiwa mgongoni. Anasema saa mbili nzima ametazama kivuli cha mti kikipigwa na upepo. Na anasema..." Mkalimani akasita. "Hili niliache."

"Litafsiri!" akasema Mama Vyumba.

"Anasema ukisoma neno 'walemavu' kwenye waraka, usidhani ni ukoo mmoja."

Jioni ile nilivuka naye barabara hadi kibandani kwa mumewe. Alisimulia yote amesimama, mkono kiunoni, kama anayejishitaki mwenyewe. Kinyozi alikuwa na mteja kitini. Alisikiliza mpaka mwisho, akapuliza mashine yake.

"Mke wangu, mimi nikiwanyoa wateja wote mtindo mmoja eti kwa kuwa wote wana vichwa, kibanda nitakifunga wiki hiyo hiyo."

"Hata mimi?" akauliza mteja, ambaye alikuwa na kipara.

"Wewe ni hitaji maalumu, tulia."

Mama Vyumba hakucheka. Asubuhi yake alikuja kazini na mpango. Alijifunga kitambaa machoni, akaniamuru nisimguse, akaanza kutembea kutoka lango kuu hadi madarasani akipapasa ukuta na kuhesabu hatua kwa sauti. Alitaka, alisema, kuijua njia ya Redio kwa miguu yake mwenyewe. Hadi hatua ya arobaini mambo yalikwenda vizuri. Kwenye hatua ya sitini na mbili aligeuka kulia alipotakiwa kugeuka kushoto, akagonga mlango mara mbili, akasema "Hodi," akaingia choo cha wanaume. Ndani alikuwamo Msajili, ananawa mikono.

"Kwa mujibu wa kanuni," sauti ya Msajili ikasikika hadi nje, "hapa siyo!"

Habari ile ilimfikia Redio kabla Mama Vyumba hajafungua kitambaa. Alikuja akifuata ukuta, fimbo yake ikigonga taratibu, akicheka peke yake.

"Mama yangu, pole. Umekuwa asiyeona kwa dakika saba, umeogopa, umepotea, umemshtua mkubwa wa watu. Sasa unadhani ndivyo ninavyoishi? Mimi nina miaka kumi na tisa ya kazi hii. Sipotei, siogopi, na choo cha wanaume nakijua kwa harufu."

"Nilitaka nikuelewe, mwanangu."

"Basi niulize. Mdomo ninao, watu wanasema hata umezidi."

Sikuwahi kumwona mtu mzima akipokea somo kwa haraka namna ile. Aliufuta waraka kichwani mwake, kama alivyosema, akaanza ukurasa mpya wa daftari. Wiki nzima alikuwa akiwafuata wanafunzi walipo, mkahawani, kwenye vibaraza, chini ya ngazi, na kuuliza swali moja tu: "Wewe unataka nini?" Tena hakumalizia sentensi ya mtu. Alikuwa na mazoea hayo ya kumalizia, na nilimwona akiuma midomo kuyazuia.

Majibu hayakufanana hata mawili. Redio alitaka chumba kimya na mhadhiri asiyesema "kama mnavyoona hapa". Dereva alitaka nafasi ya kiti chake mstarini na wenzake, asiwe mbele kama sanamu wala njiani kama gogo. Kioo alitaka mwanga uangukie uso na mikono ya mkalimani, na wahadhiri waache kuzungumza na ubao. Kulikuwa na mwingine aliyetaka kiti cha karibu na mlango ili akizidiwa na hofu aweze kutoka bila kuomba ruhusa, na akataka mtu yeyote asijue ni nani. Daftarini ameandikwa "Mwenye Kiti cha Mlangoni", na mimi niliyekaa meza moja na Mama Vyumba sijui ni nani mpaka leo.

Kadi za rangi ya chungwa zikashuka ukutani. Redio akarudishwa ghorofa ya tatu, chumba cha mwisho, ambako husikii ila kalamu. Namba Tatu, chumba cha kelele ambacho kila darasa lilikikimbia, wakapewa Kioo na wenzake kwa saa ambazo karakana hunyamaza, na ubao ukahamishiwa ukuta unaotazamana na dirisha, ili mwanga umwangukie mkalimani. Kioo akampa Mama Vyumba jina katika lugha ya alama: vidole viwili vilivyokunjwa vikigonga hewani mara mbili. Baada ya siku chache nusu ya chuo ilikuwa ikimsalimu hivyo toka mbali, naye akijibu kwa kugonga hewa kwa madaha.

Likabaki suala la Dereva. Chumba Namba Moja kilimfaa, ila madawati mawili yalitakiwa kung'olewa sakafuni. Kwa kazi hiyo akaitwa Fundi.

Fundi alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa umeme, kijana mkimya mwenye bisibisi mfukoni muda wote. Hapakuwa na feni, pampu wala jiko la mkahawa wa chuo ambalo hakuwahi kulifufua. Mama Vyumba alimjua kwa jambo jingine: kila Jumatatu alikuja mlangoni pa ofisi kuuliza vipindi vyake.

"Ratiba imebandikwa hapo nje, Fundi."

"Nimesahau miwani, mama."

"Miwani gani hiyo? Inasahaulika kuliko mwamvuli wa kuazima." Kisha alikuwa akimsomea yote, siku kwa siku, naye akiyashika kichwani mara moja, bila kuandika.

Siku ya madawati Mama Vyumba alikuwa na kikao. Akamwachia Fundi karatasi mlangoni: ang'oe madawati mawili ya mstari wa nyuma, upande wa kulia, ya mbele asiyaguse. Tuliporudi tukakuta kazi safi kabisa. Bolti zimepakwa mafuta na kupangwa kwa ukubwa, mashimo yamezibwa, sakafu imefagiwa. Madawati mawili ya mbele yalikuwa yameondolewa. Ya nyuma yalikuwa pale pale, imara kama siku ya kwanza.

"Fundi," akasema Mama Vyumba polepole, "karatasi uliisoma?"

"Nilisahau miwani."

"Mwanangu, miaka mitatu. Hiyo miwani ipo?"

Fundi alitazama bisibisi yake. "Haipo, mama. Macho yangu ni mazima, nimepimwa. Ila nikitazama maandishi, maneno hayatulii. Nikishika mwanzo wa mstari, mwisho unakimbia. Nikiukamata mwisho, mwanzo nimeshausahau. Ukurasa mmoja unanichukua muda wa wenzangu kumaliza sura nzima. Tangu darasa la pili naambiwa ni mvivu. Nikaona afadhali niwe msahaulifu wa miwani. Msahaulifu watu wanamcheka tu."

Mama Vyumba alivuta moja ya yale madawati ya mbele, akakaa. Hapo ndipo mengine yalipotoka. Mtihani wa nadharia ya umeme Fundi ameshafeli mara mbili. Alama zake za vitendo ndizo za juu kuliko zote darasani. Akifeli mara ya tatu, jina lake linafutwa, na miaka mitatu inakuwa hewa. Mjomba wake ameshamwandalia nafasi ya kulinda ghala, na amemwambia asione aibu, kila mtu na kipaji chake. Mtihani wa tatu ulikuwa umebakiza wiki tano.

Kesho yake Mama Vyumba alikuwa ofisini kwa Msajili kabla Msajili hajavua koti.

"Huyu kijana ana ulemavu gani?" Msajili akauliza. "Simwoni na fimbo, simwoni na kiti. Juzi nimemwona juu ya paa!"

"Wewe una presha, mzee. Mbona hatuioni?"

Msajili akagusa tai yake. "Nani amekwambia nina presha?"

"Mume wangu anakunyoa."

Halafu Msajili akavuta kanuni zake, akazipekua kwa muda mrefu, na niseme kweli, alizipekua kwa nia njema. Kwa mujibu wake, mwanafunzi anaweza kuongezewa muda na kupewa msomaji wa maswali iwapo italetwa barua ya mtaalamu, na iwapo utapatikana msomaji asiye wa idara yake na chumba cha peke yake. "Chumba mpe Namba Tatu," akaongeza. "Si ndicho cha walemavu?"

"Hakuna chumba cha walemavu," akasema Mama Vyumba. "Kuna vyumba, na kuna watu."

Barua ilipatikana. Mtaalamu wa hospitali alikaa na Fundi asubuhi mbili, akamtahini kwa picha, kwa sauti, kwa maneno. Fundi alirudi na bahasha imefungwa bado, akapanda moja kwa moja hadi mlangoni petu.

"Nisomee, mama."

Mama Vyumba akasoma. Barua ilisema kwamba kijana ana ugumu wa kusoma wa kuzaliwa nao, usiohusiana na bidii wala uelewa, na kwamba uwezo wake wa kufikiri uko juu ya wastani.

"Hapo mwisho, rudia."

Akarudia.

"Tena kidogo, kama hutojali."

Akarudia mara ya tatu, na safari hiyo kwa sauti kubwa, mpaka wapita njia ukumbini wakageuka. Fundi akaichukua barua, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa bisibisi.

Msomaji akapatikana pia: mkutubi wa chuo, mzee wa watu mwenye subira. Kilichokosekana ni chumba. Wiki ya mitihani ubao ule ulikuwa hauna msumari mtupu. Vyumba thelathini na kimoja vyote vimejaa. Mama Vyumba alisimama mbele ya ubao siku mbili, akihamisha kadi na kuzirudisha. Bohari ilikuwa na panya. Zahanati ilikuwa na wagonjwa. Siku ya tatu nikamwona anatoa mkasi, anakata kadi mpya, anapigilia msumari wa mstari wa thelathini na mbili mahali ambapo hapajawahi kuwa na msumari. Kwenye kadi aliandika: Ofisi ya Ratiba.

"Na sisi, mama?"

"Sisi tuna ngazi."

Kwa hiyo siku ya mtihani ofisi yetu ilihamia ukumbini. Mama Vyumba alikaa kwenye kiti cha plastiki juu kabisa ya ngazi, simu mapajani, akilinda ukimya kama mbwa wa tajiri. Mhadhiri mmoja alipanda na viatu vya kisigino, akaambiwa avivue. Mfagiaji akarudishwa na ndoo yake. Dereva, aliyekuja kumtakia Fundi heri, alikaa chini ya ngazi na kujifanya kizuizi cha barabara. "Leo wacha niwe njiani kwa faida," alisema kwa mnong'ono.

Nyuma ya mlango hatukusikia chochote. Dakika kumi zikapita. Mama Vyumba akabandika sikio kwenye mlango, akakunja uso. Mkutubi, mtu aliyetumia maisha yake yote kunyamazisha watu, alikuwa akisoma maswali ya mtihani kwa kunong'ona.

"Paza sauti!" akanguruma Mama Vyumba, yeye mwenyewe, hadi chuma cha ngazi kikaitikia.

Mkutubi alipaza. Tukasikia swali la kwanza, kisha tukasikia sauti ya Fundi ikijibu, haisiti, inamwelekeza mkutubi aandike nini na kumwomba karatasi achore mwenyewe mchoro wa waya. Saa tatu zilipita, na nusu saa ya nyongeza juu yake. Alipotoka, shati lilikuwa limelowa mgongoni.

"Vipi, mwanangu?"

Alifikiri. "Swali la saba, mama, mimi jibu lake nalijua tangu mwaka wa kwanza. Sikujua tu kwamba ndilo wanaloniuliza."

Hayo yalikuwa wiki mbili zilizopita. Matokeo yanabandikwa Alhamisi, saa nne asubuhi, kwenye ubao wa uwanjani. Leo ninapoandika haya ni Jumanne, na Mama Vyumba hakamatiki. Leo asubuhi amekutana na Msajili kwenye ukumbi, akasimama akamchungulia usoni kama anayesoma tangazo la mbali.

"Kwa mujibu wa kanuni," Msajili akasema, akipita upande, "matokeo hayatolewi kwa uso." Lakini amepita akipiga mluzi, na tumejadili mluzi ule hadi saa sita bila muafaka. Redio anasema ni wa heri. Dereva anasema ni wa mtu aliyekunywa dawa yake ya presha.

Fundi mwenyewe amefungua pampu ya maji ya chuo, ambayo haikuwa na tatizo, na anaifunga tena.

Mpango wa Alhamisi umeshapangwa, na nani mwingine. Uwanjani patakuwa na umati, kelele na kusukumana, na kwa sauti hapatasikilizana. Kwa hiyo Kioo atasimama mbele kabisa ya ubao tangu saa tatu, na Mama Vyumba na Fundi watakuwa juu, kwenye dirisha la ofisi. Kioo akishaliona jina, atageuka na kusema kwa mikono kupitia juu ya vichwa vya watu wote. Neno moja tu, kati ya mawili. Amemfundisha Mama Vyumba alama zake.

Mchana huu tulivuka kwenda kibandani, naye akawa anajifunza mbele ya kioo cha kinyozi. Mkono wa kulia unapanda kutoka kifuani, unafunguka hewani. Anarudia. Unapanda, unafunguka.

"Hiyo ndiyo ipi?" mumewe akauliza, mashine ikiwa juu ya kichwa cha mteja.

"Amefaulu."

"Na ile nyingine?"

"Hiyo Kioo amenionyesha mara tano," akasema Mama Vyumba, mkono ukipanda tena. "Haijaniingia."